Tunapanda Miti, Tunamsahau Nabothi





Kila mwaka mvua zinapoanza, parokia zetu nyingi za Mbeya na Iringa hupanda miti. Padre hubariki miche, vijana wa VIWAWA huimba, picha hupigwa. Kisha katika taarifa huandikwa kwamba kazi ya Haki, Amani na Utunzaji wa Uumbaji imetimizwa. Nasema haijatimizwa. Katika jina hilo haki ndiyo iliyotangulia, nasi tumeiruka kama mtu arukavyo dimbwi njiani, asije akachafua viatu vyake.

Waliotuletea imani hawakuiruka. Mbeya ilihubiriwa na Wamisionari wa Afrika, ambao mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, mwaka 1888 alizunguka miji ya Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa. Iringa ilipokea Wamisionari wa Konsolata mwaka 1919, nao wakaendeleza misheni ya Tosamaganga iliyoachwa na Wabenediktini. Mwanzilishi wao, Yosefu Allamano, alitangazwa Mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024. Tulipiga vigelegele, na tulifanya vema. Lakini je, tuliuliza muujiza wake ulitendeka wapi?

Ulitendeka mwaka 1996 katika msitu wa Amazon, kwa mwanamume wa kabila la Wayanomami aliyejeruhiwa vibaya kichwani na mnyama wa jamii ya chui. Wakonsolata walianzisha misheni ya Catrimani kati ya watu hao mwaka 1965. Miaka ya 1980 wachimba dhahabu walipoivamia nchi ile, wakaleta malaria na kutia zebaki mitoni, wamisionari hawakuishia kugawa dawa. Walisema wazi kwamba ardhi ile ina wenyewe. Mwaka 1987 wakafukuzwa kwa sababu hiyo, na baadaye wakarudi. Mwaka 1992 serikali ya Brazil iliithibitisha rasmi ardhi ya Wayanomami. Hapo ndipo Mungu alipochagua kumtukuza mtumishi wake: katikati ya watu wanyonge waliokuwa wakigombea ardhi yao.

Sasa tuutazame mto wetu. Ruaha Mkuu hukusanya maji ya milima ya Uporoto na Kipengere, huyatuliza katika bonde la Usangu na ardhi oevu ya Ihefu, kisha huyapeleka Hifadhi ya Ruaha, Mtera na Kidatu. Tangu mwaka 1993 mto huo ulianza kukauka hifadhini wakati wa kiangazi. Huo ni msiba wa kweli. Mwenye kusema kwamba Ihefu haihitaji kulindwa anawadanganya watu wa Mungu.

Lakini tazameni msiba huo ulivyotibiwa. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu pamoja na ng'ombe wao, wengine wakapelekwa mbali hadi Lindi. Mwaka 2008 Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ikapanuliwa, na vijiji vya Mbarali vikajikuta ndani ya mipaka mipya. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa mradi wa kukuza utalii katika hifadhi za kusini. Mwaka 2023 wananchi walipeleka malalamiko katika benki hiyo, wakieleza habari za kuhamishwa, kunyang'anywa mifugo na hata mauaji. Aprili 2024 benki ikasitisha malipo, na Novemba mwaka huohuo mradi ukafutwa.

Lawama kubwa alitwishwa mfugaji. Hata hivyo, wataalamu waliopima maji ya Usangu walionesha kwamba wakati wa kiangazi mifereji ya mashamba ya mpunga ndiyo hasa iliyokausha mto. Mbona basi aliyehamishwa kwanza ni mwenye fimbo na ng'ombe? Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tumemnyonga, na haki yake tumeiweka kabatini.

Najua jibu litakalokuja: "Padre, hubiri Injili, siasa waachie wenyewe." Ndugu yangu, fungua Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la Nabothi ili alifanye bustani ya mboga. Yalitumika mashtaka, wazee wa mji na mashahidi. Kila kitu kikaonekana halali. Mungu hakumtuma Eliya kwenda kupanda mche. Alimtuma kwenda kumwuliza mfalme habari za damu na ardhi. Kama hiyo ni siasa, basi Eliya naye alikuwa mwanasiasa, na Lavigerie pia.

Wala sisemi kwamba maskini hakosi. Ng'ombe wengi kupita kiasi huharibu ardhi oevu, na kinyungu kinacholimwa hadi kwenye jicho la chemchemi hukiua chanzo. Papa Fransisko alitufundisha katika Laudato si', mwaka 2015, kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havisikilizwi kwa masikio mawili tofauti. Mto usiponywe kwa kumwonea jirani, wala jirani asitetewe kwa kuuua mto.

Basi tufanye nini? Tuanze nyumbani. Kama shamba la parokia lina milingoti inayonyonya maji kandokando ya kijito, ing'olewe kabla hatujamhubiria mwingine. Halmashauri ya walei imwalike mtu anayeifahamu Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, aisomee jumuiya, ili watu wajue kwamba ardhi ya kijiji haitwaliwi bila utaratibu wala bila fidia. Jumuiya ndogondogo ziwasikilize waliohamishwa, wakulima na wafugaji pamoja, hata kama si waamini wetu. Na kanisa lolote lisipokee mchango kutoka kwa aliyetwaa shamba la mwenzake.

Miti tuendelee kuipanda, na ninyi mnajua ninavyoipenda. Lakini kabla ya kuchimba shimo tuulize: ardhi hii ni ya nani, na aliyekuwa hapa jana yuko wapi leo?

Mtakatifu Yosefu Allamano, utuombee.

Ndimi Paroko wenu.