SIMU YA MFUKONI HAIPIGI MBIU

Ndugu wanaushirika,

Katika mkutano mkuu uliopita hoja moja ilizikwa kwa kicheko. Ilikuwa hoja ndogo tu: chama kitenge sehemu ya makato ya ufuta kinunue simu za upepo nne. Moja ikae ofisini, moja zahanati, moja kwa wenye mitumbwi, na moja ng'ambo ya mto kwenye madungu. Mwenzetu mmoja akasimama, akachomoa simu yake mfukoni, akaipeperusha juu: "Mizigo hiyo ya kazi gani? Siku hizi kila mtu ana simu!" Makofi pwaa pwaa, hoja ikafa. Sisi tulikuwamo, tukanyamaza. Leo tunajibu, na tunajibu ukutani ili kila mtu asome.

Tunamuuliza ndugu yetu: Aprili 2024 simu yako ilikuwa wapi?

Sote tunaikumbuka Aprili ile. Mto Rufiji ulivunja kingo, mashamba ya Rufiji na Kibiti yakawa ziwa, mpunga ukaozea majini. Hapa kwetu umeme ulikatika usiku. Mnara wa simu ukajikaza saa chache kwa betri zake, kisha kimya. Simu zetu zikageuka tochi, na tochi nazo zikaishiwa chaji.

Usiku ule ng'ambo ya mto mama mmoja alishikwa na uchungu akiwa juu ya dungu, maji yamejaa chini. Mumewe alipunga kijinga cha moto mpaka alfajiri. Huku kwetu mtumbwi ulikuwepo. Mpiga kasia alikuwepo, amelala kwake, hana habari. Muuguzi alikuwepo zahanati, macho wazi. Kila kitu kilikuwepo ila sauti ya kuviunganisha. Mama alipona. Mtoto tulimzika sisi wenyewe penye mwinuko, maana makaburi yalikuwa chini ya maji. Hatumtaji mtu, kila mmoja wetu anajua nyumba ile. Basi anayetaka kucheka acheke tena.

Na wala si sisi peke yetu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope la mlima Hanang' liliifunika Katesh, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani karibu na Mafia, mvua yake ikaikata barabara ya kusini huko Kilwa. Maafa hayana adabu ya kukata kitu kimoja na kukuachia kingine. Yanakata njia, umeme na mawasiliano kwa pamoja, saa ile ile unayovihitaji.

Sasa tueleze tofauti, maana wengine wanapinga kitu wasichokijua. Simu ya mkononi haisemi na mwenzio moja kwa moja. Inasema na mnara, mnara unasema na mitambo, ndipo sauti inarudi kwa jirani yako aliye hatua mia. Mnara ukilala, nyote mmelala. Simu ya upepo haina mnara, haina laini, haina vocha. Inatoka kwako inaingia kwake. Ile ya mezani inakula betri ya gari ya volti 12, na betri hiyo tunaichaji kwa paneli ya jua kama tunavyochaji taa. Ukisikiliza tu inakula kidogo, kusema ndiko kunakokula. Na kubwa kuliko yote: simu humwita mtu mmoja, redio huwaita wote walioko kwenye chaneli hiyo kwa mara moja. Wazee wetu walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Hawakusema mgambo ampigie kila mtu kwa zamu!

Hatutaki kumdanganya mtu. Redio hizi hazifiki Dar es Salaam. Kwenye tambarare kama hii yetu ni kilomita kadhaa, na antena ikipandishwa juu ya mnazi hufika mbali kuliko ikilazwa mezani. Radi ikianza, waya wa antena uchomolewe. Lakini kilomita kadhaa ndizo tulizozikosa usiku ule.

Wapo wengine, hawa wanatuudhi zaidi. Wao wanasema, "Sawa, zinunuliwe," halafu moyoni wanajua zitafungiwa kabatini pamoja na mhuri. Tunawafahamu. Pampu ya chama ilinunuliwa kwa vigelegele, leo kuku wanataga juu yake. Kwa ndugu hawa tuna visa viwili.

Kisa cha kwanza ni cha Marekani. Mwaka 1958 serikali yao ilifungua masafa ya 27 MHz kwa raia wa kawaida, redio zenyewe zikaitwa CB. Nguvu yake ya kawaida ni wati 4 tu. Miaka ya 1970 madereva wa malori walizishika sana, wakapashana habari za njia na za mafuta. Mwaka 1970 chaneli ya 9 ikatengwa kwa ajili ya dharura. Watu wa kujitolea wakakaa zamu kuisikiliza, wakisikia ajali wanaita polisi kwa simu ya waya. Iliokoa watu si kwa sababu ilitengwa, bali kwa sababu lilikuwepo sikio. Simu za mkononi zilipoenea wasikilizaji wakapungua. Chaneli ni ile ile, ila mahali pengi sasa unaita hakuna anayeitika.

Kisa cha pili ni cha jirani. Mwaka 1996 huko Iganga, Uganda, wakunga wa jadi walipewa simu za upepo za kuwaunganisha na vituo vya afya na gari la wagonjwa. Hawakuwa wahandisi wala mabwana wakubwa. Walikuwa akina mama wa kijijini kama hawa wetu, wakabonyeza, wakasema, wakasikilizwa. Nani anasema sisi hatuwezi?

Kwa hiyo hatutaki vyombo tu. Chombo bila zamu ni pambo. Tunataka mkutano ujao upitishe haya:

1. Kabla ya kununua hata waya, katibu aandike TCRA kuomba leseni na kuuliza masafa tunayoruhusiwa. Kurusha mawimbi bila leseni ni kosa, tusianze kazi njema kwa kuvunja sheria.

2. Kila chombo kiwe na walinzi watatu kwa majina, na mmoja wao awe mwanamke. Ufunguo usikae kwa mtu mmoja, hata kama ni mwenyekiti.

3. Masika na vuli pawe na saa maalumu za kusikiliza asubuhi na jioni. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari redioni, wa ofisini aipeleke ng'ambo saa hiyo hiyo.

4. Kila mwezi tufanye jaribio moja. Sema jina la kituo, sema shida, sema mahali, achia kitufe. Porojo za mpira na posa ziende kwenye simu zenu za mfukoni.

Eti fedha hakuna? Fedha za soda na pilau la wageni mwaka jana zilipatikana bila mjadala!

Maji yatarudi, huu ni mto. Yatakapokuja hayatauliza nani alipiga makofi. Asiyekubaliana nasi na aandike, ukuta ni mpana. Anayejua kusoma amsomee jirani yake.

Ushirika ni nguvu, na nguvu ni kuitikiana.

Ni sisi,
Kamati ya Gazeti la Ukutani