Watoto wawe waamuzi

Nchini Uingereza, jumuiya ya wanasayansi ya Royal Society hutoa tuzo kwa kitabu bora cha sayansi kilichoandikwa kwa wasomaji wa chini ya miaka 14. Watu wazima huchuja vitabu hadi vibaki vichache tu. Mshindi huchaguliwa na watoto wenyewe, shuleni na maktabani, baada ya kusoma na kubishana.

Tunauunga mkono utaratibu huo kwa moyo wote. Kitabu kuhusu volkano au mzunguko wa damu hakina shujaa wa kumvuta msomaji. Kinategemea ukweli wake na namna unavyoelezwa. Mtu mzima huvumilia ukurasa mkavu akijua una manufaa. Mtoto hukifunga kitabu.

Waandaaji wa tuzo za vitabu Afrika Mashariki nao waunde majopo ya wanafunzi, na wachapishaji wayasikilize.