TAHARIRI: Pitts ina somo kwa soka la Morogoro

Goli la Uwanja wa Jamhuri, Morogoro, kama magoli mengine, lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Sasa sikia hii: kuna ndege inaitwa Pitts S-1, mabawa yake yana upana wa mita 5.3 hivi na kimo chake hakifiki mita mbili. Ukiisukuma, inaingia wavuni bila kugusa mlingoti!

Usiicheke. Ndege hii ya sarakasi ilibuniwa na Mmarekani Curtis Pitts miaka ya 1940. Betty Skelton aliirusha akatwaa ubingwa wa wanawake Marekani 1949 na 1950. Mwaka 1972 kule Ufaransa, Charlie Hillard na Mary Gaffaney wakabeba nayo ubingwa wa dunia, wanaume na wanawake.

Siri yake ni nini? Badala ya bawa moja refu, Pitts aliweka mawili mafupi, moja juu ya jingine. Mabawa mafupi hubiringika haraka. Kwenye toleo la S-1S, bawa limechongwa sawa juu na chini, hivyo ndege ikilala chali bado inapaa vizuri. Mwili mwepesi, injini ya nguvu za farasi 180.

Ina kasoro zake. Mabawa mawili na nyaya zake hukamata upepo, na wakati wa kutua pua humziba rubani asione mbele. Lakini Pitts hakuunda ndege ya kubeba abiria. Alijua anaunda nini.

Hapo ndipo tunapowageukia viongozi wa soka wa mji kasoro bahari. Timu nyingi za mikoani zinataka kuwa Simba au Yanga kwa bajeti ya kuungaunga. Zinasajili majina makubwa yenye miguu mizito, ligi ikifika katikati mishahara inakata, wachezaji wanagoma.

Mbona Mtibwa Sugar ilibeba ubingwa wa Bara 1999 na 2000 ikitokea Turiani, siyo Kariakoo?

Madogo wenye kasi wamejaa mitaani chini ya Milima ya Uluguru. Wapeni makocha, viwanja na posho inayofika kwa wakati. Kabla ya kusaini mkongwe mwingine dirisha la usajili likifunguliwa, jiulizeni kwanza: tunaunda timu ya kucheza mpira gani?