Asiye na Zawadi Naye Arudi Kwao

Miongoni mwetu tuishio mijini wamo waliokata mguu kwao, si kwa ugomvi na wazazi, bali kwa aibu ya mikono mitupu. Jirani yangu mmoja, mzaliwa wa Madaba, ni wa kundi hilo. "Nitamwamkia mama nikiwa nimeshika nini?" huniuliza kila likizo inapokaribia. Kwanza alingoja kununua redio, kisha blanketi, kisha mabati. Nauli ya kupita Iringa, Makambako na Njombe hadi kwao, katika njia iendayo Songea, amekwisha kuipata mara kadhaa; kila mara huigeuza kuwa akiba ya zawadi, na akiba hiyo huliwa na kodi ya nyumba. Mtoto wake wa pili sasa ana miaka minne. Bibi yake hajapata kumwona.

Yafaa tuwaulize wazee wetu habari za mwanzo wa miaka ya 1980. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, sabuni, sukari na khanga viliadimika nchini, hata wako waliofua kwa majani ya mpapai. Nafuu ilianza kuonekana mwaka 1984, serikali ilipolegeza masharti ya kuagiza bidhaa. Aliyesafiri kwenda kijijini katika miaka ile angebeba nini? Pengine kipande cha sabuni kilichokatwa nusu kwa kisu. Lakini Ruvuma ni nchi ya mahindi, na mgeni wa mjini aliweza kurudi na debe zima mabegani. Mzigo mzito ulitoka kwa mzazi kwenda kwa mwana, wala hapakuwa na fedheha.

Sisemi kwamba zawadi ni upuuzi. Blanketi ni jambo kubwa kwa mzee katika baridi ya Juni. Nami pia, nakiri, nimewahi kuahirisha safari kwa ajili ya kitenge. Ila mama hakuandika barua kuomba redio. Aliuliza kama mjukuu ameota meno.

Jumamosi iliyopita nilimkuta jirani yangu dukani akinunua mche mmoja wa sabuni na pakiti mbili za chumvi. Mtoto alikuwa amemshika suruali. Aliniuliza kama vitatosha. Nilimjibu kwamba basi huondoka saa kumi na mbili alfajiri.