Kazi Isiyo na Daftari



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza bei ya karafuu, majamvi ya kuanikia na taabu ya kupata wachumaji. Leo naomba ruhusa ya Bwana Mhariri nizungumze jambo jingine. Si mbali nasi, maana wenye mikarafuu wengi katika Jumuiya hii ni watu waliokwisha kula chumvi nyingi, na mimi nimo.

Mwanangu wa tatu ni mchuuzi, kama vijana wetu wengi wa Pemba. Alifuata biashara ya ufuta mpaka Kamsamba, wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe, akaoa huko. Mahali penyewe ni chini katika Bonde la Rukwa, pana joto, na watu wake hulima mpunga na ufuta. Nilikwenda kuwazuru wakwe zangu nikakaa mwezi mzima. Nilimkuta mama yake mke wa mwanangu amelala kitandani mwezi wa sita. Alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa, na mgongoni vidonda vimekwisha anza. Aliyekuwa akimwuguza ni mjukuu wake, msichana wa miaka kumi na sita aliyeacha skuli kwa ajili hiyo.

Siku moja akaja tabibu kijana kwa pikipiki yake. Hakuitwa. Alikuwa amepata khabari sokoni, na siku ile ilikuwa ya mapumziko yake. Alimwonyesha yule msichana namna ya kumgeuza bibi yake kila baada ya saa mbili, namna ya kumkunja na kumnyoosha mguu, na namna ya kumkalisha na kumlisha asipaliwe. Alikuja mara nne. Kabla sijaondoka, mkwe wangu alikuwa akikalishwa chini ya mwembe asubuhi na jioni, akaweza kuninung'unikia kwamba nakunywa chai yake yote.

Nikamwuliza tabibu kwa nini asije daima. Akanijibu, “Baba, kazi hii haina daftari. Mjamzito nina daftari lake, mtoto nina daftari lake, mwenye kifua kikuu nina daftari lake. Mzee aliyelala nyumbani sina pa kumwandika. Nisipomwandika, hakuna mkubwa atakayejua kuwa yupo, wala hapatatoka petroli ya kumwendea.”

Maneno hayo nimerudi nayo Pemba na hayajanitoka kichwani.

Serikali zetu hazikukaa kimya, na haifai kusema uwongo. Bara walitoa Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003, na tangu hapo imesemwa mengi juu ya mzee wa miaka 60 asiye na uwezo kutibiwa bila ya malipo. Zanzibar tulitangulia katika jambo moja kubwa: Aprili 2016 ilianza Pensheni Jamii kwa kila mkaazi aliyefikia miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 zikapandishwa kuwa 50,000. Ikaja na Sheria ya Mambo ya Wazee ya mwaka 2020. Wasio na jamaa wana nyumba zao, Sebleni na Welezo kule Unguja, na Limbani hapa kwetu. Lakini matibabu ya bure yamfaa nini asiyeweza kuufikia mlango wa hospitali? Na pensheni, ijapokuwa twaishukuru, haimfundishi binti kumgeuza mama yake.

Najua wapo watakaosema kuwa kumtunza mzazi ni wajibu wa watoto, na kwamba mimi nataka kuwatwisha madaktari mzigo wetu. La. Wajibu ni wetu na utabaki kuwa wetu. Yule msichana wa Kamsamba hakupungukiwa na mapenzi hata kidogo. Vidonda vilitoka kwa sababu hakuna aliyemwambia saa mbili.

Ndipo nasema madaktari watusemee. Neno la daktari huingia mahali ambapo neno la mkulima haliingii. Mwaka 2012 madaktari wa bara waligoma kwa ajili ya maslahi yao na upungufu wa vifaa, na nchi nzima ikasikia. Simwombi mtu agome. Naomba sauti ile ile ipelekwe kwa mzee aliyelala.

Jambo hili lilikwisha fanywa kwingine. Mwaka 1935 daktari mwanamke wa Kiingereza, Marjory Warren, wa hospitali ya West Middlesex, alikabidhiwa wagonjwa 714 wa nyumba ya maskini iliyokuwa jirani. Wengi walikuwa wazee waliolazwa tu, bila ya mtu kuuliza wana ugonjwa gani. Akawapima mmoja mmoja, akawainua waliowezekana kuinuliwa, na wako waliorudi makwao kwa miguu yao. Hakuishia hapo. Aliandika katika magazeti ya madaktari mwaka 1943 na 1946, akidai wazee wawe na madaktari wao na wodi zao, na mwaka 1947 yeye na wenzake wachache wakaunda chama cha kulisukuma jambo hilo. Huko sasa tiba ya wazee ni elimu kamili.

Na hapa karibu, wilaya ya Hai, Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010 watafiti waliwapima wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi vijijini mwao. Waliona kwamba kama sita katika kila mia wana maradhi ya ubongo yanayoondoa kumbukumbu na akili. Fikirini manufaa ya hesabu hiyo katika nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Bibi anayetangatanga usiku na kusema peke yake ni mgonjwa, na daktari aweza kulisema hilo mbele ya baraza la kijiji akasadikiwa.

Kwetu visiwani njia ipo tayari. Mpango wa Jamii ni Afya, ulioanza mwaka 2019 khasa kwa ajili ya mama na mtoto, una wahudumu wa kujitolea wanaoingia nyumba hata nyumba. Mtu aliyekwisha piga hodi kumwangalia mtoto anashindwa nini kuuliza mzee aliye chumba cha uani anaendeleaje? Apewe tu mafunzo, na apewe pa kuandika. Na hili latuhusu sisi wa karafuu zaidi ya wengine. Anayeanguka mkarafuuni hulipwa fidia na Mfuko wa Maendeleo ya Karafuu, na ni jambo jema. Lakini nyonga iliyovunjika akiwa na miaka arubaini humrudia akifika sabini, wakati fidia imekwisha sahauliwa.

Naomba basi mkutano wetu ujao uamue jambo hili: Jumuiya iwaandikie madaktari wa Wete, Chake Chake na Mkoani, kuwaomba wao, kwa jina la utabibu wao, waitake Wizara ya Afya ifungue daftari la wazee waliolala majumbani, shehia kwa shehia. Sisi wenyewe tuanze kwa kuwahesabu wa matawi yetu, ili wasiende mikono mitupu. Barua nimekwisha iandika. Iko kwa karani wa tawi, na anayetaka kuisoma au kuisahihisha kabla ya mkutano na aende akaichukue.