Visiwa vya Chagos: Nchi ikibadilika, anwani za tovuti zinakwenda wapi?

Uingereza na Mauritius zilitia saini mkataba kuhusu Visiwa vya Chagos tarehe 22 Mei 2025. Kilichozungumzwa zaidi ni kambi ya kijeshi ya Diego Garcia, ambayo kwa mkataba huo Uingereza ingeikodi kwa miaka 99. Lakini mkataba huo uliibua pia swali kuhusu herufi mbili tu: .io.

Kila nchi ina herufi zake mwishoni mwa anwani za tovuti. Tanzania ni .tz, Kenya .ke, Uganda .ug. Chagos, kama eneo la Uingereza katika Bahari ya Hindi, ilipewa .io. Kampuni za teknolojia zilizipenda herufi hizo, na tovuti nyingi zinazozitumia hazina uhusiano wowote na visiwa hivyo. Wachagosi wenyewe, waliohamishwa kwa nguvu kufikia mwaka 1973, wamekuwa wakidai sehemu ya mapato yake.

Je, herufi za nchi zinaweza kufutwa? Zinaweza. Eneo likiondolewa katika orodha ya kimataifa ya nchi na maeneo, wenye tovuti hupewa miaka mitano ya kuhama, na muda huo unaweza kuongezwa hadi kumi. Zaire ilipokuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo mwaka 1997, .zr iliipisha .cd. Herufi za Yugoslavia, .yu, zilifutwa mwaka 2010. Hata hivyo, .su ya Muungano wa Kisovieti bado inatumika, ingawa nchi yenyewe ilivunjika mwaka 1991.

Kuhamisha tovuti ni kama kuhamisha duka. Mwenyewe husajili jina jipya, huhamisha kurasa zake, kisha huacha maelekezo kwenye anwani ya zamani, kama bango mlangoni. Twitter ilipohamia x.com Mei 2024, aliyeandika anwani ya zamani alipelekwa kwenye mpya.

Shida ni kwamba jina la tovuti hulipiwa kwa muda maalumu, kama pango. Mwenyewe asipolipa, mtu mwingine anaweza kulichukua na kuweka ukurasa unaofanana na ule wa zamani. Na herufi za nchi zikifutwa kabisa, bango nalo linaondoka: viungo vya zamani havifunguki, na barua pepe za anwani hiyo hazifiki.

Hapo ndipo jambo hili linapokugusa wewe mwenye simu. Matapeli hutumia habari za kuhama. Ukipata ujumbe unaosema, "Tumehama, bonyeza hapa kuhakiki akaunti yako," usibonyeze. Piga kwanza namba ya ofisi unayoijua, au fika mwenyewe. Namba yako ya siri usimpe mtu yeyote.

Angalia pia mwisho wa jina, kabla ya alama ya mkwaju (/) ya kwanza baada ya jina hilo. Tovuti za serikali ya Tanzania huishia na .go.tz, na za Kenya .go.ke. Herufi hizo zikifuatwa na nukta na neno jingine, hiyo si tovuti ya serikali, hata kama ina nembo ya taifa.