Neno "Kasi" na Fundi wa Ikonge

Mabishano ya wanaistilahi, iwapo iwe tarakilishi au kompyuta, yamekula kurasa nyingi mno. Liko suala zito zaidi ambalo halijabishaniwa, na anayeumia ni mtu asiyesoma majarida ya kitaaluma: fundi wa umeme.

Achukuliwe fundi wa Ikonge, Kaunti ya Nyamira, anayetaka kujua ni kwa nini vifaa vya mteja wake huharibika kila kinu cha jirani cha kusagia mahindi kinapozimwa. Mita yake husoma volti 240, pasi na dosari. Anaazima kirekodi data, chombo kipimacho volteji na kuihifadhi. Mwongozo ni wa Kiingereza. Nyumbani fundi husema Ekegusii, na kazi yake huieleza kwa Kiswahili. Akimwendea mwanafunzi wa Kiswahili, ataambiwa kwamba chombo hicho "hupima volteji kwa kasi". Kikamusi, hapana kosa. Lakini hapo hapana kitu kinachokimbia. Kinachoongezwa ni idadi ya sampuli zinazochukuliwa katika sekunde moja.

Umeme wa Kenya hukamilisha wimbi mara 50 kwa sekunde, ukifikia takriban volti 339 kila upande wa sifuri, ingawa mita husema 240. Fundi akidhani kwamba sampuli 50 kwa sekunde ni "kasi" tosha, kirekodi kitaligusa wimbi karibu mahali palepale kila mara na kumchorea mstari ulionyooka. Atasadiki kuwa umeme ni mzima! Kanuni inadai sampuli zizidi maradufu ya marudio ya juu kabisa yanayotafutwa. Hata sampuli 10,000 kwa sekunde humpa nukta kumi tu za mshtuko unaodumu milisekunde moja.

Tena idadi hiyo ina gharama. Sampuli 10,000 za baiti mbilimbili hujaza baiti milioni 72 kwa saa, na njia nne zikigawana kigeuzi kimoja, kila njia hupata robo tu. Ndiyo maana chombo huamriwa kungoja: kihifadhi volteji inapopita 400, pamoja na sampuli chache zilizotangulia. (Na kwa kuwa vingi vya vyombo hivi hupokea volti 10 tu, sharti volteji ipunguzwe kwa kifaa salama kwanza. Tafsiri ikiiruka sentensi hiyo, inaweza kuua.)

Si kweli kwamba dhana hizi ni ngeni kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Sampuli anaijua kutoka katika tasnifu yake. Anayewahoji wauza ndizi siku ya gulio pekee hawezi kudai kwamba ameijua Ikonge, na kosa lake ni lile lile la sampuli 50. Kinachokosekana si msamiati. Kamusi ya KAST ilitoka mwaka 1995, na Katiba ya 2010 ikakifanya Kiswahili lugha rasmi pia. Kinachokosekana ni mfasiri anayeielewa kazi kabla ya kuiandikia.

Idara zinazodai tafsiri za hadithi zingeweza kudai pia tafsiri ya mwongozo mmoja wa kifaa, usomwe na fundi kabla ya mhadhiri, na alama zitolewe kwa kutazama nambari ambayo fundi ameiweka.